Yasiyoingia kwenye Muhtasari

Kikao kilifunguliwa saa moja na nusu usiku
kwa Zaburi na kahawa.
Waliohudhuria: tisa. Aliyetoa udhuru: mmoja, ana mafua.
Ajenda ni moja: je, maji ya ubatizo
yamguse Fenna, miezi minne,
binti wa Jelmer na Hidde?

Mimi Tjitske, katibu, mwaka wa ishirini na sita
kwenye meza hii ya mwaloni,
naandika wanayosema. Sijaulizwa kamwe ninachofikiri,
na kalamu, ukiizoea, nayo hukuzoea:
hunyamaza pale unaponyamaza.

Imeandikwa: Mzee Durk alisema
Mungu aliumba mume na mke, hesabu ni fupi,
haihitaji kikokotoo.
Leo, alisema, ni dada mtu kaazima tumbo;
kesho ni kipande cha ngozi ndani ya chupa,
mwanamume atajizaa kwa ukucha wake,
na mama litabaki neno la kamusi.
Akagonga meza. Vijiko vikalia kwenye visahani.

Imeandikwa: Mchungaji Rixt alisema
Maandiko hayaijui maabara,
wala hayazijui hizi kuta za udongo
zinazoizuia bahari isilale vitandani mwetu,
na hatujabomoa hata moja.
Imeandikwa: bibi mmoja aliuliza mtoto ana kosa gani.
Hakuna aliyemjibu. Hilo nalo nimeliandika.

Haikuandikwa
kwamba Durk ana ng'ombe mia na arubaini,
weusi kwa weupe, wanono,
na hakuna hata mmoja aliyemjua baba yake.
Wote walikuja kwa mrija,
kutoka tangi linalofuka moshi wa baridi
kwenye buti la gari la mwanangu Wubbo,
daktari wa mifugo, mkono hadi begani
ndani ya giza lenye joto, akipiga mluzi.

Haikuandikwa Wubbo mwenyewe.
Mwaka wa themanini na nane, meza hii hii,
wazee wengine, suti zile zile,
waliamua kwamba uhai ulioanzia kwenye kioo
ni wizi katika karakana ya Mungu.
Nilikuwa mke wa Gerlof, miaka saba ya ndoa,
na tumbo kimya kama nyumba iliyohamwa.
Nilipanda basi kwenda Groningen mara kumi na moja.
Nikasema ni meno.
Kijiji kizima kikayaonea huruma meno yangu.

Binti wa maabara aliniruhusu nichungulie darubini:
seli nne, zimesongamana
kama watu wanne chini ya mwavuli mmoja.
Nikataka kusali. Sikujua ni sala gani inafaa,
nikasema ile ya kabla ya chakula.

Alipozaliwa, Durk, jirani yetu, kijana bado,
alimpakata kwa mikono inayonuka maziwa,
akasema: huyu kweli katoka kwa Bwana.
Nikaitikia amina.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake;
mimi nimekilalia miaka thelathini na sita
nikijikuna kimyakimya.

Kura zikapigwa kwa vikaratasi, ndani ya sahani ya sadaka.
Nne kwa nne.
Nje, mvua ya Novemba ilikuwa inakwaruza madirisha.
Kwenye korido Hidde alikuwa anatembea huku na huku,
viatu vyake vinalia sakafuni, kule, huku,
na mtoto anataka chupa,
hajui kwamba anajadiliwa.

Kanuni ya kumi na mbili niliinakili kwa mkono wangu:
zikilingana, huulizwa katibu.
Katika miaka ishirini na sita hazijawahi kulingana.

"Tjitske," akasema Durk, "umeyapata yote?"

Nikafungua ukurasa mpya. Nikaandika:
Katibu aliomba kusema.
Kisha nikaiweka kalamu chini,
nikavua miwani, maana sikutaka kumwona vizuri sana,
nikasema:
"Durk, unayakumbuka meno yangu?"